Bell Inn ya Stilton

Swahiba,

Mambo vipi huko Tanga? Shemeji na watoto wazima? Mi nipo poa, baridi tu ndo imekaza. Nakuandikia maana juzi nimefika sehemu nikasema hii lazima nimsimulie mtu anayependa mambo ya barabara kama wewe.

Huku Uingereza kuna kijiji kinaitwa Stilton, si mbali na mji wa Peterborough, kwenye barabara ya zamani ya London kwenda kaskazini mpaka Scotland. Pale kuna gesti ya mawe ya tangu miaka ya 1600, Bell Inn, na kabla ya treni magari ya farasi yalikuwa yanasimama hapo. We chukulia kama Korogwe, abiria wanashuka kuchimba dawa na kula, ila hapa na farasi wenyewe wanabadilishwa, maana farasi akivuta lile gari kilomita 15 hivi kashachoka, wanamfungua wanafunga mwingine, safari inaendelea. Gesti bila zizi la maana ilikuwa haifiki popote. Ukiiangalia gesti leo bado ina lile lango la tao la kuingiza gari zima mpaka uani, na kibao cha shaba kikubwa kweli kinaning'inia upande wa barabarani.

Sasa kuna mwenye gesti mmoja, Cooper Thornhill, huyu ndo kanivutia kuliko wote. Mwaka 1745 aliweka dau kwamba atapanda farasi kutoka Stilton hadi London, arudi Stilton, halafu aende tena London ndani ya masaa 15. Ni kama kilomita 340! Akawa anabadili farasi njiani, na akamaliza kwa masaa 12 na dakika chache tu, jamani hiyo ni kazi.

Halafu ndo huyohuyo aliyeitangaza jibini ya Stilton. Alikuwa anaichukua mkoa wa Leicestershire kwa mama mmoja fundi, Frances Pawlett, anawauzia wasafiri, na kwa vile magari yalikuwa yanapita hapo usiku na mchana, sifa zikafika London na kwingine kote zikiwa na jina la kijiji. Hiyo ndo nguvu ya kituo cha njiani, mzigo unatoka kwingine ila watu wanakumbuka pale waliponunulia.

Mwaka 1850 reli ya moja kwa moja kutoka London ikafika Peterborough, reli ikapita pembeni, magari ya farasi yakaisha na biashara ikadorora. Gesti ilichakaa vibaya sana kabla ya kukarabatiwa, saa hizi ni hoteli nzuri tu.

Kinachoniuma ni hiki, tangu 1996 sheria inasema jibini hiyo itengenezwe mikoa ya Derbyshire, Leicestershire au Nottinghamshire tu, na kijiji cha Stilton kipo mkoa wa Cambridgeshire, kwa hiyo wanakijiji wakitengeneza ya kwao hawaruhusiwi kuiita Stilton. Mi naona wameonewa kabisa, we unaonaje? Niandikie, na msalimie sana bi mkubwa.

Wako,
Swahiba wa Peterborough