Kuhusu ile kamera ya mama

Rafiki yangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi mno kusikia mama anaendelea vizuri. Umeniuliza kama umnunulie ule mtambo wa simu za video wenye kamera inayomfuata mtu chumbani. Ngoja kwanza.

Mwaka jana nilikuwa naongea na mama yangu kila Jumapili. Picha ilikuwa safi, hata vifungo vya blauzi yake nilivihesabu, ila sauti ilikuwa inachelewa. Naanza kusema, naye anaanza, sote tunanyamaza. "Haya, sema wewe." "Hapana mwanangu, sema wewe." Dakika kumi hazijaisha ameshachoka, simu anampa mjukuu. Siku moja nikazima picha, tukaongea saa nzima. Shirika la mawasiliano la ITU limeshaeleza kwamba sauti ikifika ndani ya milisekunde 150, watu kwa kawaida hawahisi kuchelewa. Ikizidi sana hapo, mnaanza kukatizana.

Kampuni kubwa za Marekani zimewahi kudhani picha ndiyo kila kitu. AT&T iliianzisha simu ya video iitwayo Picturephone mjini Pittsburgh mwaka 1970 kwa dola 160 kwa mwezi, wateja wakawa wa kuhesabika. Mwaka 2010 Cisco ikaleta umi, kifaa cha simu za video cha kuunganisha na televisheni ya nyumbani, dola 599 bila kuhesabu ada ya kila mwezi. Nayo haikudumu.

Lakini usinielewe vibaya. Mpwa wangu ni kiziwi, na kwake picha ndiyo sauti yenyewe. Ikikwama kidogo tu, vidole vinaruka kutoka neno moja hadi jingine na sentensi inapotea. Nimemwona akimwomba mwenzake arudie mara tatu, uso umemshuka. Anachohitaji ni picha isiyokatika, hata ikiwa na ukungu kidogo. Huyo teknolojia imemsaidia kweli: mbinu za kubana video kama H.264 ya mwaka 2003 ndizo zinazoipitisha picha kwenye intaneti ya kawaida, na zimo tayari ndani ya simu yake.

Kwa hiyo mnunulie mama spika za masikioni zinazomkaa vizuri na kishikio cha simu, asichoke mkono. Ruta ya intaneti isogezwe karibu na kiti anachopenda kukaa. Kisha mpigie, umsikilize kama anakukatiza.

Niandikie ukishajaribu, na umsalimie sana.

Wako akupendaye