Mbao za makasha zikaguliwe bandarini

Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu kuhusu utafiti wa mnyoo anayeua misonobari, na ningependa wasomaji wasidhani kuwa hayo ni ya Japani na Ureno peke yake. Mnyoo huyo, ambaye urefu wake ni kama milimita moja tu, asili yake ni Amerika Kaskazini. Hubebwa na mbawakawa wenye vipapasio virefu, huingia mtini na kuvuruga njia za maji, hata msonobari uliokuwa kijani ukakauka wote katika miezi michache. Wataalamu wa Japani walimtambua kuwa ndiye chanzo mwaka 1971, na mwaka 1999 akagunduliwa Ureno.

Hapa Lamu tuna mikoko na minazi, si misonobari, lakini bandari tunayo, na mbao laini za makasha ya mizigo tunazinunua. Juzi nilipindua ubao mmoja kwa fundi jirani yangu nikakuta matundu ya wadudu, unga ungali ukidondoka. Sisemi kwamba mnyoo huyo alikuwamo, ila alama ya shuke la ngano, inayothibitisha kuwa mbao zimetibiwa, haikuwapo. Kanuni ya kimataifa hutaka mbao zinazotibiwa kwa joto zifikie nyuzi 56 hadi kwenye kiini kwa dakika 30. Nawaomba wakaguzi wa afya ya mimea waangalie makasha yenyewe, si shehena tu, na yasiyo na alama yachomwe hukohuko bandarini, kwa kuwa lori moja latosha kuyafikisha kwenye misonobari ya nyanda za juu, na mti ulioanza kunyauka kwa ugonjwa huu hauponi.

Msomaji wenu,
Lamu