Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Katika sufuria iliyo mezani mwako mna tuh'u, mchuzi uliopikwa Babeli, katika Iraki ya leo, karibu miaka 3,700 iliyopita.

Mheshimiwa, darasani tunamsoma Hammurabi, mfalme wa Babeli, na sheria zake. Klabu yetu ilitaka kujua watu wa nchi ile walikula nini. Mapishi yao yamo katika vibao vya udongo vilivyoandikwa kwa Kiakadi, lugha ya kale ya huko, takriban mwaka 1730 KK, vinavyotunzwa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Zamani wataalamu walidhani ni maelekezo ya dawa. Katika miaka ya 1940 mtafiti Mary Hussey alisema ni mapishi, wala hakuaminiwa. Ilikubalika miaka ya 1980, Mfaransa Jean Bottéro alipovisoma upya. Tumeona ni haki mama huyu atajwe mbele yako.

Kibao kimoja kina mapishi 25, 21 ya nyama na manne ya mboga. Vipimo havimo, wala muda wa kukaa motoni. Mpishi anaambiwa atie nyama, maji, mafuta, basi. Mengine anayajua mwenyewe, kama bibi zetu wanapoelekeza pilau. Vitunguu, saumu na liki, mboga ya jamii ya kitunguu, havikosekani. Umo pia mchuzi wa Waelamu, majirani zao wa mashariki, wenye maziwa ya mgando na damu. Hicho kilikuwa chakula cha wenye uwezo. Wengi walishindia mkate na uji wa shayiri, vitunguu, tende na samaki.

Tuh'u yetu ina nyama ya kondoo, bitiruti, giligilani na bizari nyembamba. Kibao kinataka na bia ya shayiri. Kwa kuwa hapa ni shuleni, tumetia maji.

Changamoto yetu kubwa ni maktaba. Vitabu tulivyonavyo vinahusu wafalme na vita. Wapishi, wakulima na wafinyanzi hawamo. Tunaomba utusaidie kupata vitabu vya maisha yao, na kompyuta moja yenye intaneti ili wenzetu waone picha za vibao hivi.

Tunakuomba pia, Mheshimiwa, uwe wa kwanza kuonja.

Tunaomba kuwasilisha.