Tuchangie mfano wa Hekalu la Jua

Wazazi wetu, wahitimu na marafiki wa shule, salaam.

Mwezi wa pili klabu ya historia ilipita mtaa wa Kisutu hapa Dar es Salaam, penye mahekalu ya Kihindu, na binti mmoja wa kidato cha pili akauliza: mahekalu ya huko yalikotoka yakoje? Nikaeleza kwa maneno. Wakaniangalia tu.

Basi tukachagua moja la kutengenezea mfano, la jimbo la Gujarat huko India, maana ndiko walikotoka mababu wa Wahindu wengi wa pwani yetu: Hekalu la Jua la Modhera. Ni la zama za mfalme Bhima wa Kwanza wa ukoo wa Solanki, na ukuta wake wa nyuma una maandishi ya mwaka unaolingana na 1026 au 1027. Mbele kabisa kuna birika, urefu mita 53 na upana 37 hivi, ngazi zinashuka pande zote kama piramidi iliyopinduliwa, na vihekalu 108 vimejibanza humo ngazini. Kisha ukumbi wa nguzo 52, ambazo watu huzihesabu kama majuma ya mwaka. Nyuma yake ndipo hekalu lenyewe. Mnara ulishaanguka, sanamu haipo na hakuna ibada tena, lakini jengo bado linatazama mashariki, limepangwa ili Machi na Septemba, usiku na mchana vinapolingana, jua likichomoza miale ifike hadi chumba cha ndani.

Tulilijaribu kwa katoni, nguzo tukatumia mirija ya soda. Tukazima taa, kijana akashika tochi upande wa birika, mwanga ukapenya katikati ya nguzo ukatua ukuta wa nyuma. Darasa likalipuka kwa kelele! Wiki iliyofuata paa likavuja. Tukakuta nguzo zimelala na birika lina maji kweli.

Sasa tunataka plaiwudi na jasi, mita moja ya kweli iwe sentimita 2. Plaiwudi tatu ni shilingi 180,000, jasi mifuko minne 100,000, fundi seremala 150,000. Rangi, gundi na msasa 90,000, taa na waya 40,000. Jumla 560,000. Wanafunzi wenyewe wameshachanga 130,000, zimebaki 430,000.

Kuna mzazi ameniuliza kwa nini hekalu. Mwaka jana tulifinyanga Msikiti Mkuu wa Kilwa, ulioanzishwa karne hiyo hiyo ya 11, na yeye ndiye aliyetuletea udongo. Nadhani tumeelewana.

Mchango mpe mhazini wa kamati ya wazazi, na usiondoke bila risiti. Mwenye vipande vya plaiwudi vilivyobaki kwenye ujenzi avilete pia, tutapunguza hesabu. Tukipata vyote kabla ya Julai kwisha, siku ya wazazi mwezi Septemba tutazima taa za ukumbi, na yule binti ndiye atakayeshika tochi.