Vyumba 16, wageni 62

Mama mshauri, jambo yako.

Nimekusoma muda mrefu, mara nyingi usiku, umeme umekatika na simu inakaribia kuzima. Leo ni zamu yangu kuandika. Jina langu usilitaje, maana mama yangu naye anakusoma.

Nina miaka 29, nakaa Katuba hapa Lubumbashi, nauza dawa katika famasi. Mchumba wangu ni fundi umeme katika mgodi mmoja huko Kolwezi. Mahari imepokelewa, padri ametutangaza, ndoa ni Jumamosi ya tatu ya mwezi wa Julai: asubuhi komini kwa ndoa ya serikali, mchana kanisani, jioni sherehe. Hayo yote yametulia. Kinachonikosesha usingizi ni usingizi wa wageni.

Miaka mitatu iliyopita tulikuwa tunatoka Likasi kwenye ndoa ya binamu yangu. Kila mtu alisema ni kilometa 120 tu, tutafika. Tuliondoka saa saba usiku, bisi imejaa, wamama wanaimba, watoto wamelala juu ya mizigo. Mbele kidogo lori la shaba lilikuwa limeharibika katikati ya njia, halina taa, hata matawi hawakuweka nyuma yake kuonya watu. Dereva wetu alikata usukani, tukaingia porini. Hakufa mtu. Mjomba wangu alivunjika mfupa wa bega, na mpaka leo akivaa koti lazima mtu amshikie. Kila Jumapili baada ya misa ninapomshikia koti, najiambia kwamba kwenye ndoa yangu hakuna mgeni atakayerudi usiku. Na hawa wangu wengi wanatoka Kolwezi, karibu kilometa 300, njia ileile ya malori ya shaba na ya asidi.

Nimewahesabu wanaotoka mbali: Kolwezi 46, Likasi 11, na shangazi yangu wa Kitwe upande wa Zambia anakuja na watoto wanne. Jumla 62. Wageni wote ni kama 220, lakini hao wengine ni wa mjini, watajua wenyewe la kufanya.

Tumeona sehemu tatu. Ya kwanza ni sali ya feti, ukumbi wa sherehe, katikati ya mji, dola 900, inaingiza watu 250 bila shida, ila haina hata kitanda kimoja. Ya pili ni nyumba ya masista: vitanda 40, mashuka yamenyooka, dola 12 kwa kitanda, lakini lango linafungwa saa 21:30 na bia haiingii. Nani atatoka kwenye ndoa saa 21:30? Hata keki huwa bado haijakatwa.

Ya tatu ni ferme moja, yaani shamba, kwenye barabara ya Kasumbalesa, kama kilometa 20 na kitu kutoka mjini. Bustani kubwa, miembe mikubwa, jenereta, hema la watu 250, na vyumba 16. Wanataka dola 2,800 kwa siku mbili, na lazima ukodi pahali pote. Moyo wangu uko huko. Lakini nilienda kuitazama na dada yangu, na tulichoona ndicho nataka nikueleze.

Meneja alitupokea vizuri, akatuonyesha bustani kwanza. Nikamwambia, papa, bustani nimeiona kwenye simu, nionyeshe vyumba. Ofisini kuna ubao wenye misumari 16, kila msumari na ufunguo wake. Misumari miwili ilikuwa mitupu. Akasema mafunguo yako kwa fundi. Tukaingia chumba cha kwanza, nikafungua bomba, nikasubiri. Kimya. Eti pampu ya kisima inakwenda na jenereta, na jenereta inawashwa saa 18. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi, watu waliotoka Kolwezi siku ya Ijumaa, wanaotaka kuoga wavae nguo za ndoa, wataoga na nini? Akasema tukilipa mafuta zaidi atawasha asubuhi. Mafuta hayamo katika zile 2,800. Nikaandika kwenye kaye (daftari) yangu.

Dada yangu alifunua vitanda, kila kimoja blanketi moja, nyepesi. Mama, wewe unajua baridi ya Julai hapa kwetu, sisi tuko zaidi ya mita 1,200 juu, usiku unaona pumzi yako. Nikaandika tena: mablanketi.

Halafu nikauliza kuhusu vinywaji. Hapo ndipo meneja alipobadilisha sauti. Chakula na kinywaji cha nje hakiingii, vyote vinunuliwe kwake. Kesi za bia ya Simba tulizokwisha kuahidiwa na kaka wa mchumba hazitaingia. Michopo ya mbuzi ataichoma yeye kwa bei yake. Na mama mkwe wangu amenitumia neno kutoka Kolwezi kwamba atakuja na munkoyo wake, kile kinywaji chetu cha mahindi, aliopika mwenyewe, lita 40, kwa sababu ndoa isiyo na munkoyo kwake ni mkutano wa ofisi. Meneja hauzi munkoyo. Wala hataki mtu auingize. Tuliongea kama nusu saa, akakubali bia iingie tukilipa dola moja kwa kila chupa. Kuhusu munkoyo alisema atamuuliza mwenye ferme.

Hayo bado ni ya falanga (pesa), na ya falanga hupata mwisho. Yaliyobaki ni ya watu.

Vyumba kumi vina kitanda kimoja kikubwa, sita vina vitanda viwili vidogo. Ukipanga wawili wawili, ni watu 32. Toa chumba chetu sisi wawili, wanabaki 30. (Mchumba amesema tuwaachie hata hicho. Nimekataa, na kwa hilo siombi ushauri.) Kwa hiyo 32 hawana kitanda. Nilichora vyumba vyote kwenye kaye, nikaandika majina kwa penseli. Nikimpa chumba baba mdogo wa mchumba, lazima nimpe na kaka yake mkubwa. Nikimpa shangazi wa Kitwe, tantine wa Likasi atauliza kwa nini yeye alale kwenye godoro chini wakati yeye ndiye aliyenilea mwaka mzima. Nikiwaweka wazee wote vitandani, vijana wa Kolwezi waliochangia kesi za bia watalala hemani. Nimefuta na kuandika mpaka karatasi imetoboka.

Imetoboka kwenye chumba cha 9. Vyumba vinane vya nyuma vyote vinatazama baraza moja, na bafu ni mbili, mwanzo wa baraza na mwisho wake. Sisi ni Baluba, na kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hukwepana. Mama yangu na mwanaume atakayenioa hawawezi kupishana na taulo begani kwenye baraza moja. Hata mume wa dada yangu, ana miaka sita katika familia, mama akisikia sauti yake langoni anaingia ndani. Yeye ndiye dereva wetu, lazima alale pale. Mama pia lazima alale pale, maana simrudishi Katuba saa nane za usiku. Vyumba vya mbele vyenye bafu ndani ni vinne tu. Kimoja chetu, kimoja cha baba na mama mkwe, kimoja cha nkambo, mzee wetu mwenye miaka 80 na zaidi ambaye miguu haimsaidii. Cha nne nikimpa mama yangu, upande wa Kolwezi watasema tumewapa wao kimoja na sisi tumechukua vitatu. Watahesabu, Mama. Watu wa ndoa wanahesabu kuliko benki.

Mama yangu yeye ana jibu lake, na ni jepesi: ferme ya nini? Tuchukue sali ya mjini, wageni walale nyumbani. Katika kikao cha Jumapili mchumba alipendekeza kila mgeni atoe dola 10 za chumba, mama akasimama katikati ya lupango, uwanja wa nyumba yetu, akasema, "Bageni ya ndoa habalipake kitanda!" Kikao kikaishia hapo. Baadaye jikoni, akichambua majani ya sombe, akaniambia kwa sauti ya chini: tulipomzika baba yako watu zaidi ya 60 walilala katika lupango hii wiki nzima, uliona mtu anadai chumba?

Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu ni kweli. Walilala kwenye mikeka, kwenye viti, chini ya turubai, na asubuhi majirani walileta uji. Lakini matanga na ndoa si kitu kimoja. Kwenye matanga hakuna aliyepanga foleni ya choo kimoja saa 12 asubuhi ili awahi komini akiwa amepaka poda. Wala hatukuwa na watu wa kuwatoa sali usiku wa manane na kuwagawa katika mitaa ya Katuba, Kenya na Kampemba, makundi manane kwenye taksi, wengine hawaujui mji. Usiku wa Lubumbashi unaujua, Mama. Simu inaweza kukutoka mkononi kabla hujafika kwenye lango.

Hata hivyo maneno yake yamenikaa. Najiuliza kama nimeogopa barabara kweli, au nimependa miembe ya ile bustani nikatafuta sababu. Dada yangu anasema ni vyote viwili na hakuna dhambi. Mchumba anasema niamue mimi, yeye atatuma falanga. Wanaume wakisema hivyo wanafikiri wamesaidia.

Kuna njia ya nne ambayo sijamwambia mtu: sherehe ifanyike ferme, wazee 30 walale pale, na wale 32 vijana na wamama wenye nguvu wapelekwe kwa bisi moja mpaka nyumba ya masista, kama masista watakubali kutufungulia lango usiku huo mmoja. Ni kilometa 20 na kitu za kurudi mjini, bisi ni moja na dereva hanywi. Lakini hiyo bado ni safari ya usiku, kwenye barabara ya Kasumbalesa, ambako malori yanasimama popote. Ndicho kitu nilichoapa kukikwepa. Au wasubiri alfajiri wakicheza? Vijana wangeweza. Wamama wenye watoto mgongoni, sijui.

Basi nishauri kama ungemshauri binti yako. Nichukue ferme na magodoro chini, nikubali kwamba watu watahesabu vyumba na kusema? Au nimsikilize mama, wageni walale kwa ndugu kama zamani, mimi nitafute taksi za kuaminika? Na kama ni ferme, nani atangaze orodha ya vyumba? Mimi bibi harusi siwezi. Mchumba akitangaza, wetu watanuna. Mjomba wangu akitangaza, wao watanuna. Nimefikiria nkambo, kwa kuwa mtu wa umri wake habishiwi, lakini anasahau majina.

Jibu lako linifikie kabla ya Ijumaa. Siku hiyo meneja anataka nusu, dola 1,400, na akishazipokea hazirudi. Na kuhusu munkoyo bado hajanijibu.

Bibi harusi wa Katuba