Barua kwa fundi mwenzangu wa Kamuli kuhusu gia ya mtambo wa miwa

Jinja, Uganda

Ndugu yangu mpendwa,

Salaam nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, na kazi zinaendelea.

Barua yako nimeipata pamoja na vipimo vya gia iliyovunjika. Nimeisoma kwa makini sana, kwa sababu najua jinsi wakulima wa huko wanavyoutegemea mtambo wako wa kukamua miwa ili wapate sukari guru, na muwa ukishakatwa haungoji mtu: kila siku unayokaa chini unapoteza utamu. Umeniuliza kama upeleke vipande vya gia hiyo kwa wenye tanuri wakusubie, yaani wakumiminie kwa chuma kilichoyeyuka, nyingine iliyo sawa nayo kwa kila kipimo. Nakusihi usifanye hivyo. Gia hiyo haikuvunjika kwa bahati mbaya, na anayeinakili ataunakili pia ubovu wake.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayosema ukweli. Umeniambia kwamba injini ya zamani ilikuwa ya kilowati 4, na hii mpya ni ya kilowati 8, nayo inauzungusha mtambo kwa kasi ileile. Tukichukua kwamba robo ya nguvu hupotea katika mkanda, beringi na gia za mwanzo, rola kuu inapokea kilowati 6, ambapo zamani ilipokea 3. Zidisha kilowati hizo kwa 9,550, kisha gawa kwa mizunguko 12 ambayo rola hufanya kwa dakika, utapata nguvu ya kuzungusha ya nyutonimita 4,775. Gia yako ina meno 60 ya moduli 8 (moduli ni kipenyo cha kazi kwa milimita kikigawanywa kwa idadi ya meno), maana yake kipenyo chake cha kazi ni milimita 480. Kwa hiyo jino linalosukumwa linabeba nyutoni 19,900 hivi, karibu sawa na uzito wa tani 2.

Mzigo huo unaliumiza jino mahali gani? Mhandisi wa Marekani, Wilfred Lewis, alilijibu swali hili mwaka 1892 kwa kulichukulia jino kama boriti fupi iliyoshikwa upande mmoja na kusukumwa kwenye ncha yake, na mpaka leo kanuni yake ndiyo ninayoanza nayo. Unagawa nguvu ya kusukuma kwa upana wa gia, kwa moduli, na kwa namba ya umbo la jino, ambayo kwa gia yenye meno 60 hivi ni kama 0.42. Upana wa gia yako ni milimita 70, basi mkazo kwenye shina la jino unakuwa megapaskali 85, yaani nyutoni 85 kwa kila milimita ya mraba. Lakini miwa haiingii kwenye rola kwa utulivu. Huingia kwa mafungu, mengine manene, mengine yakiwa na vifundo vigumu, nami huongeza nusu nzima kwa ajili ya mishtuko hiyo. Tunafika megapaskali 127. Ukiirudia hesabu hiyohiyo kwa injini ya zamani, utapata 63 au 64.

Sasa linganisha na chuma chenyewe. Chuma cha kusubu cha kijivu, kinachotoka katika vyuma chakavu vilivyochanganywa bila kupimwa, mara nyingi hukatika kikivutwa kwa megapaskali 150 hadi 200. Mzigo unaporudiarudia hakifiki huko, kwa sababu chuma huchoka, na kikomo chake kwa kazi ya namna hii ni karibu asilimia 40 ya nguvu hiyo, yaani 60 hadi 80. Katika siku moja ya saa 8, kila jino la gia yako husukumwa mara 5,760. Kwa injini ya zamani jino lilikuwa ukingoni tu, ndiyo maana lilivumilia miaka yote hiyo. Kwa injini mpya limevuka mpaka kwa mbali. Na wewe mwenyewe umeeleza kwamba kwenye mvunjiko kuna sehemu nyeusi yenye kutu na sehemu nyingine inayong'aa. Ile nyeusi ni ufa wa siku nyingi uliokuwa ukitambaa polepole kutoka shinani, na ile inayong'aa ni sehemu iliyokuwa imebaki kushikilia hadi saa ile ya mwisho.

Usikidharau chuma cha kijivu kwa sababu hiyo. Ndani yake kaboni imejitenga kuwa vijani vyembamba vya grafiti, na vijani hivyo hulainisha nyuso zinazosuguana, humeza mtetemo, na hurahisisha kazi ya kukichonga kwenye kerezo. Kwa mgandamizo kina nguvu mara tatu au nne kuliko kwa mvuto. Tatizo ni kwamba kila kijani ni kama ufa mdogo uliokwisha kuanza, na shina la jino, upande ule unaosukumwa, huvutwa. Hapo ndipo chuma chenye grafiti ya mviringo kinapopata heshima yake. Keith Millis wa Marekani aligundua mwaka 1943 kwamba magneziamu kidogo ikiingizwa katika chuma kilichoyeyuka, grafiti hujikusanya kuwa vitufe badala ya vijani, na nyufa hukosa pa kuanzia. Chuma hicho katika daraja la megapaskali 500 hupinda kabla ya kuvunjika, jambo ambalo cha kijivu hakifanyi kamwe.

Baada ya hayo ungetarajia nikushauri uongeze moduli iwe 10, nami nililifikiria hilo kwanza. Lakini fremu ya mtambo wako imeshachomelewa, na umbali kati ya shafti mbili ni milimita 300. Kwa moduli 10 jumla ya meno inakuwa 60 tu, yaani 12 kwa pinioni (ile gia ndogo inayoisukuma kubwa) na 48 kwa gia, na pinioni ya meno 12 huliwa shinani wakati wa kuchongwa, ikawa dhaifu pale pale tunapotaka nguvu. Kwa hiyo tubaki na moduli 8, ila tuongeze upana kutoka milimita 70 hadi 96. Usizidishe hapo, kwa sababu gia pana kupita kiasi juu ya shafti inayopinda kidogo hubeba mzigo wote pembeni, na ule upana mwingine unakuwa pambo.

Meno nayo nataka tuyabadilishe idadi. Pinioni ya 15 ikiwa na gia ya 60, kila jino la pinioni hukutana na meno manne yaleyale maisha yake yote, na jino moja lenye kasoro huwatafuna wenzake hao bila kupumzika. Tukichukua 16 na 59, jumla inabaki 75, umbali wa shafti unabaki milimita 300, na kila jino litakutana na kila jino la mwenzake kabla ya kurudia, hivyo uchakavu utaenea kwa usawa. Rola itazunguka mara 13 badala ya 12, tofauti ambayo haitaharibu ukamuaji. Najua vitabu husema meno 17 ndiyo kikomo cha chini kwa meno yanayosukumana kwa pembe ya nyuzi 20, lakini kwa 16 ulaji wa shina ni mdogo mno na haunisumbui. Mkazo kwenye gia kubwa, pamoja na mishtuko, utashuka hadi megapaskali 87, na kwa chuma cha daraja la 500 tuna nafasi ya kutosha. Pinioni itengenezwe kwa feleji (steel), si kwa chuma cha kusubu, kwa kuwa meno yake yana mashina membamba zaidi na hufanya kazi karibu mara nne ya yale ya gia.

Kuhusu umbo la gia yenyewe, mahali ninaposisitiza kuliko pote ni pembe ya shina la jino. Iwe na mviringo mkubwa kadiri jino la mwenzake linavyoruhusu, na isiwe na alama kali ya kifaa cha kuchongea, kwa maana mkwaruzo mmoja hapo hufuta faida yote ya hesabu tuliyoifanya. Ukingo ulio chini ya meno uwe na unene wa milimita 22 au zaidi, kwa kuwa kimo cha jino ni 18 na ukingo mwembamba hupinda pamoja na jino. Kitovu kiwe na kipenyo cha karibu mara mbili ya shafti. Mfereji wa kabari inayoifunga gia kwenye shafti uchongwe mkabala na mkono wa gia (spoku), mahali palipo na nyama nyingi, usichongwe katikati ya mikono miwili. Mikono iwe mitano, na ipindwe kidogo, kwa sababu ukingo hupoa mapema na kitovu huchelewa. Mikono iliyonyooka, hasa ikielekeana, huvutwa na pande zote mbili, na gia inaweza kutoka kwenye mchanga ikiwa tayari na ufa usioonekana.

Kwa tanuri, nakuomba usimamie mwenyewe, usitume mtu. Modeli ya mbao iongezwe asilimia 1 kwa ajili ya chuma kusinyaa kinapopoa, na milimita 3 kwenye kila uso utakaochongwa. Gia isubiwe bila meno, kisha meno yachongwe kwa mashine. Wazee walikuwa wakisubu meno moja kwa moja, na ngozi ya meno hayo ni ngumu kweli, lakini modeli inayotolewa kwenye mchanga lazima iwe na mchongoko kidogo, na hivyo meno huwa manene upande mmoja. Ndiyo maana walizifunga gia mbili zikiwa zimegeuzwa, upande mnene ukikutana na mwembamba. Kwa mzigo wako huo, siwezi kuitegemea njia hiyo.

Uliza kinachoingia tanurini. Bloku za injini na ngoma za breki za magari ni malighafi nzuri kwa gia ya kijivu. Mabati na vipande vya feleji vikiwa vingi, silikoni hupungua na kingo nyembamba hugeuka chuma cheupe, kigumu kama kioo, ambacho hakichongeki. Wamimine kwanza kabari ndogo ya majaribio, ipoe, ivunjwe mbele yako: ikiwa weupe umeenea mbali na ncha, waongeze silikoni kabla ya kumimina gia. Kama wanakuahidi chuma chenye grafiti ya mviringo, wakupe fimbo iliyomiminwa kutoka katika sufuria ileile, mwishoni na si mwanzoni, kwa sababu nguvu ya magneziamu hupotea dakika chache baada ya kuingizwa. Fimbo hiyo ipigwe nyundo. Ikilia kwa mlio mwembamba wa kengele, na ikapinda kabla ya kukatika, mpe mwenye tanuri fedha zake kwa moyo mweupe. Ikikatika papo hapo na kuonyesha rangi ya kijivu iliyofifia, hicho si chuma mlichokubaliana.

Zile gia tatu za mwisho wa rola usiziguse wala usikubali mtu akuuzie zenye meno ya kawaida. Rola hufunguka fungu nene linapopita, na meno yake yalifanywa marefu makusudi ili yaendelee kushikana shafti zinapoachana.

Umeuliza pia kama unaweza kuyachomelea meno yaliyovunjika ili umalize msimu huu. Fundi mwenye uzoefu anaweza, kwa vijiti vya nikeli na kwa kuipasha moto gia nzima kwanza, lakini kando ya uchomeleaji hubaki utando mgumu unaokatika kirahisi. Ukilazimika, lisha miwa michache kwa wakati mmoja na ulegeze mkanda kidogo, ili fungu likikwama mkanda uteleze kabla jino halijakatika. Hata gia mpya ikifika, mkanda huo usikazwe kupita kiasi, kwa kuwa ndio kinga ya bei nafuu kuliko zote ulizo nazo.

Jambo jingine ni juisi. Ina asidi, na naona kutoka kwenye mchoro wako kwamba inadondokea gia na kuosha grisi, halafu mchanga wa shambani unaingia mahali pa grisi. Tengeneza kifuniko cha bati kinachozunguka gia zote mbili, chenye mlango mdogo wa kupakia grisi. Hili silisemi kwa ajili ya chuma peke yake. Watoto hucheza karibu na mitambo hii, na vijana wanaolisha miwa huvaa mashati yenye mikono mirefu. Gia inayozunguka mara 13 kwa dakika inaonekana polepole, lakini ina nguvu ya tani 2 kwenye jino.

Kabla hujalipa chochote, nitumie kipenyo cha shafti kilichopimwa mahali patatu, upana wa nafasi iliyopo kati ya gia na ukuta wa fremu, ili tujue kama milimita 96 zitaingia, na vipimo vya mfereji wa kabari ulioko sasa. Nikivipata nitachora gia na pinioni kwenye karatasi kubwa, na mchoro nitampa dereva wa teksi ya Kamuli akuletee.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi fundi mwenzako,
Jinja