Kabla ya kuzibeza semina za Ziwa Victoria

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wale wanaosema, redioni na vijiweni, kwamba mashirika yanayounganisha nchi zetu hayana kazi nyingine isipokuwa kuitisha semina na kugawana posho. Nami niliwahi kusema hivyo. Kwa miaka mingi nimekuwa katibu wa kikundi cha wavuvi cha kulinda rasilimali za ziwa, BMU kama tunavyokiita, katika mwalo mmoja, yaani ufuko wa kupakulia samaki, wa visiwa vya Ukerewe, na katika miaka hiyo nimehudhuria semina kadhaa na, nakiri, nimesaini karatasi za posho.

Usiku mmoja mtumbwi wa jirani yangu, uliokuwa umetega nyavu za sangara kaskazini mwa Ukara, ulichukuliwa na upepo hadi ng'ambo ya mpaka, na alfajiri askari wa doria wa nchi jirani wakawakamata vijana watatu pamoja na injini yao. Mpaka wa majini hauna kigingi wala bango, na mvuvi aliyeamkia kwenye ukungu hujua amevuka pale anaposikia salamu ya lugha nyingine. Mama wa mmoja wa vijana hao alikuja kwangu akiwa tayari ameshafunga mbuzi wa kuuza, kwa kuwa hiyo ndiyo njia tuliyoizoea. Nikafungua daftari la semina tuliyofanyiwa Kisumu, nikatafuta namba ya mwenyekiti wa mwalo mmoja wa upande ule, mtu ambaye nilikula naye samaki mezani siku mbili mfululizo tukibishana kuhusu makokoro, zile nyavu haramu za kukokota. Alipopokea simu akaniita shemeji, utani uliobaki kutoka kwenye ubishi ule, akaniomba nimpe mpaka jioni. Vijana walirudi baada ya siku mbili. Injini ilichukua wiki tatu, ikalipiwa faini kwa stakabadhi, na mbuzi yule hakuuzwa.

Semina ile iliandaliwa kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, ambalo wengi hulijua kwa kifupi LVFO. Mkataba wake ulisainiwa Kisumu tarehe 30 Juni 1994 na Kenya, Uganda na Tanzania, makao yake yakawekwa Jinja, na leo ni mojawapo ya taasisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Vijana wa sasa wanadhani taasisi kama hii imekuwapo tangu enzi na enzi. Sisi tunaokumbuka mwaka 1977 tunajua jinsi zinavyovunjika. Jumuiya ya kwanza, iliyoundwa mwaka 1967, ilipovunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa na haukufunguliwa hadi mwaka 1983, na shirika la pamoja la utafiti wa samaki wa maji baridi lililokuwa Jinja likafa pamoja na Jumuiya yenyewe. Kila nchi ikaanzisha taasisi yake. Ya kwetu, TAFIRI, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1980. Kila moja ikawa inachunguza kipande chake cha maji, kana kwamba sangara akifika mpakani hugeuza mkia.

Katika miaka hiyo ya kununiana, meza waliyoendelea kukutania wataalamu wa nchi zote tatu iliwekwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ambalo mwanzoni mwa miaka ya 1980 liliunda kamati ndogo ya uvuvi wa Ziwa Victoria. Kamati hiyo haikuwa na askari wala mamlaka ya kumfunga mtu. Ilikuwa na viti, ajenda na mwaliko usiotoka kwa serikali yoyote kati ya hizo tatu, na naamini hilo la mwisho ndilo lililokuwa na uzito, maana mtu aliyegombana na jirani yake huona haya kupiga hodi kwake, lakini akiitwa na mtu wa tatu huenda. Mkataba wa mwaka 1994 ulikuta watu ambao tayari walikuwa wanafahamiana.

Kazi yenyewe ukiitazama kwa karibu haivutii hata kidogo. Alfajiri, mitumbwi inapoingia mwaloni, kijana wa takwimu husimama majini na ubao wake wa kupimia, akamlaza sangara, akasoma kutoka puani hadi ncha ya mkia, akaandika urefu, uzito, aina ya nyavu na idadi ya watu chomboni, huku nahodha akimfokea kwamba barafu inayeyuka. Utaratibu anaoufuata ndio unaofuatwa na mwenzake wa Dunga kule Kisumu na wa Masese kule Jinja. Ziwa hili lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Asilimia 51 ziko Tanzania, 43 Uganda na 6 Kenya, na kila nchi hupenda kuamini kwamba samaki wake wanamalizwa na wengine. Zamani kila ujumbe ulifika mkutanoni na hesabu zake, ukazitetea kama bendera. Siku hizi wanagombana bado, tena sana, lakini wanagombania hesabu moja.

Sitaki kupamba mambo. Mgogoro wa kisiwa cha Migingo kati ya Kenya na Uganda haukumalizwa na LVFO, wala kuchora mipaka si kazi yake, na wavuvi wa pale wameendelea kusumbuliwa muda mrefu baada ya serikali zao kukubaliana mwaka 2009 kufanya upimaji wa pamoja. Vilevile sheria tulizokubaliana, kama ile inayokataza sangara aliye chini ya sentimita 50, zimekuwa zikisimamiwa kwa vishindo, kila nchi kwa wakati wake. Uganda ilipeleka jeshi ziwani mwaka 2017, sisi tukaanza Operesheni Sangara Januari 2018, na katika mialo yetu tuliona wazi kwamba panapokazwa upande mmoja, nyavu haramu huhamia upande uliolegea. Mvuvi aliyechomewa nyavu zake, kisha akasikia kwamba samaki wachanga wanauzwa hadharani ng'ambo, hawezi kumpenda jirani, hata akihubiriwa umoja kutwa nzima.

Ndiyo maana lawama zangu naziweka kwa serikali zilizolianzisha shirika hili kabla ya kuliendea shirika lenyewe. Si siri kwamba nchi wanachama wa Jumuiya huchelewesha michango yao mwaka baada ya mwaka, na fedha zikikosekana kinachokatwa kwanza ni kile kisichopigwa picha: mafuta ya boti ya utafiti, malipo ya yule kijana wa ubao, na vikao vya wenyeviti wa mialo ya mpakani. Mikutano ya wakuu wa nchi haiahirishwi kwa kukosa mafuta.

Basi naiomba wizara inayohusika na uvuvi, katika hotuba ijayo ya bajeti, itaje waziwazi ni kiasi gani Tanzania inadaiwa na LVFO na lini itakilipa, na iwashawishi wenzetu wa Kenya na Uganda kwamba doria zifanyike majuma yale yale katika pande zote tatu. Daftari langu lina namba tisa za wenyeviti wa ng'ambo. Mbili hazipatikani tena, na kikao ambacho ningepewa namba za waliochukua nafasi zao hakijaitishwa hadi leo.

Wako,
Katibu wa BMU,
Ukerewe, Mwanza.